Delphine Isadore na Samaki wa Kidimbwi cha Kikapu

Yaliyosemwa nyuma ya mtu ni vizuri yasemwe mbele yake kabla hajafukiwa. Tangu mwisho wa kiangazi kilichopita, hapa Misheni ya Kale limezunguka neno kwamba marehemu Delphine Isadore alimla samoni wa kwanza peke yake. Neno hilo lilianzia kwa jirani yake wa miaka yote, Bibi Verna Pascal, ambaye asubuhi hii ameketi pale safu ya pili, na mwenyewe ameridhia litajwe. Alikuwa dirishani akiosha vyombo. Akamwona marehemu anashuka kwenye gari la kazi, amekumbatia samaki mkubwa aliyeviringishwa ndani ya blanketi, mkia unachungulia. Akaingia naye mlango wa nyuma, akafunga. Bibi Verna akangoja aitwe. Akangoja jioni ile, akangoja na wiki nzima. Hakuitwa yeye wala mzee mwingine yeyote.

"Samaki wa kwanza huingia mlango wa mbele," akawaambia wenzake kwenye bingo. "Huyu kapitishwa wa nyuma. Na moshi sikuuona, na mfupa sikuuona. Kaliwa huyo, tena kaliwa mpaka macho."

Kila aliyemo humu anajua uzito wa neno hilo. Windo la kwanza haliliwi na aliyelipata. Samaki wa kwanza ni wa wazee, kisha ni wa wote, na mifupa yake hurudi mtoni. Mtu wetu akilewa husamehewa, akiiba farasi husamehewa akimrudisha. Hili halina pa kulirudisha. Marehemu aliishi na neno hilo miezi saba na hakulijibu. Leo jua likishatua jina lake halitatajwa tena hadi mwaka uishe, kwa hiyo kama kuna la kusema juu ya Delphine, lisemwe sasa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1958, katika nyumba ya mbao ya bibi yake, Susette Abel, ukingoni mwa Mto Chawanik. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Raymond na Agatha Abel. Mama yake alikuwa anaumwa kifua, akakaa sana hospitali za mbali, hivyo mtoto akalelewa mgongoni kwa bibi. Na huyo bibi ndiye mtu wa mwisho kushusha kikapu cha kuvulia pale Kidimbwi cha Kikapu, juu kabisa ya mto, kabla ukuta mkubwa wa zege haujajengwa kule chini kwenye Mto Columbia, ambamo Chawanik huingia, na kuwafungia samoni njia ya kutoka baharini. Tangu mwaka ule, kwenye karamu ya mwisho wa Agosti, watu wa Chawanik hunywa maji kwanza, kisha hupitisha sahani tupu mahali pa samoni. Kila mtu huigusa. Ndipo inafuata nyama ya kulungu, mizizi, na matunda ya mlimani.

Marehemu alipokuwa na miaka mitano, sahani ilimfikia, akaitazama, akaigeuza, akatazama na chini yake.

"Bibi, hii ina ladha gani?"

"Ya subira. Iguse, upishe wenzio."

Hakuigusa. Aliilamba, mbele ya kijiji kizima, upande hadi upande. Wazee waliokuwa wameanza kulia wakaishia kucheka. Msichana aliyekuwa amekaa karibu naye akampa jina siku ileile, Mlamba-sahani, na hakuacha kumwita hivyo mpaka wote wawili wakawa na mvi. Msichana huyo alikuwa Verna.

Kuanzia mwaka 1965 marehemu alisoma shule ya bweni, mbali na mto. Huko walimkata nywele na kumkataza lugha ya nyumbani. Aliporudi, maneno ya bibi yake yalikuwa yamempotea karibu yote, yakabaki la maji, la mama na la samoni. Bibi Susette hakumgombeza. Alimwambia kwamba kwa hayo matatu mtu anaweza kuishi. Sekondari aliimaliza hapa karibu, mwaka 1976, na bibi akafariki masika ya mwaka uleule. Kisha akaenda pwani kusomea utunzaji wa samaki kwa miaka miwili. Barua zake za kule zote zilikuwa juu ya harufu. Alisema pwani samoni wanauzwa sokoni kama viazi, na yeye akipita pale hutembea haraka kama mtu aliyemwona ndugu yake amelewa hadharani.

Mwaka 1980 aliajiriwa katika kituo cha kuzalishia samaki cha kabila letu, akaanza kwa kusugua matangi. Mwaka 1998 akawekwa kuwa mkuu wa kazi yote ya kuwahesabu samaki wa bonde la Chawanik na kuwarejesha samoni. Miaka mingi kazi hiyo ilikuwa kazi ya kuhesabu kisichokuwepo. Kila vuli alivaa suruali yake ya mpira inayofika kifuani, akapanda mto kutoka mdomoni hadi kidimbwini, akitafuta kwenye changarawe yale mashimo ambayo samoni jike huchimba kwa mkia ili kutaga. Wanaume waliokaa mbele ya duka walimngoja arudi.

"Delphine, leo umehesabu wangapi?"

"Hakuna."

"Na jana?"

"Jana pia hakuna. Ila wa jana walikuwa wachache zaidi."

Alicheka nao, akaenda nyumbani kukausha viatu. Mwaka uliofuata akapanda tena.

Tarehe 6 Julai 1985 aliolewa na Clifford Isadore, ambaye hakuna aliyemwita Clifford ila padri. Wengine wote walimwita Tuffy. Tuffy alikuwa mpanda farasi wa mashindano, na mwaka wa pili wa ndoa alishinda blanketi zito la sufu, jekundu lenye milia myeusi, akamletea mkewe.

"Hili utazikwa nalo," akamwambia.

"Afadhali. Nilidhani nitazikwa na wewe."

Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Marlon. Tuffy alianguka zizini Januari 2012, moyo ukakataa, akafariki marehemu akiwa amekipakata kichwa chake kwenye theluji, gari la wagonjwa likiwa bado linatafuta barabara. Baada ya hapo blanketi lilihama kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha gari la kazi. Alisema kiti kile kinaumiza mgongo. Haikuwa sababu, na hakuna aliyemuuliza.

Masika ya mwaka 2019 ndipo walipoachiwa samoni wachanga mtoni, wa kwanza tangu ukuta. Watoto wa shule ndio waliowamimina kwa ndoo. Kila samaki alikuwa amewekwa tumboni kidude kidogo kama punje ya mchele, chenye namba yake, ili akipita karibu na vyombo vilivyofungwa mtoni ajulikane ni nani. Walitakiwa wateremke wavuke ukuta, waende baharini, wakue, na atakayerudi anaswe chini ya ukuta, apandishwe kwa lori, aachiwe upande wa juu, mengine ayajue mwenyewe. Siku ile marehemu alisimama majini hadi mtoto wa mwisho alipokwenda kunywa chai. Mwenzake wa kazi, bwana Wendell Orr, alimuuliza kama amefurahi. Akasema yeye ni kama mtu aliyepeleka watoto bweni.

Mwishoni mwa Julai mwaka jana Wendell alimpigia simu.

"Delphine, kaa chini."

"Nimekaa."

"Basi kaa tena. Kuna mmoja ameingia Chawanik. Mmoja wa wale wa ndoo."

Marehemu hakumwambia mtu. Hapo ndipo lilipoanzia kosa lake, kama ni kosa. Bibi Susette alimfundisha kwamba mgeni hatajwi jina kabla hajavuka kizingiti, asije akasikia anasubiriwa akaingiwa na haya. Basi alinyamaza, akangoja samaki afike kidimbwini ndipo apite nyumba kwa nyumba. Alinunua hata kitambaa kipya cha meza. Bibi Verna alimwona nacho akamuuliza anaozesha nani, marehemu akacheka tu.

Kisha likaja lile joto la Agosti. Mbwa walilala ndani ya mitaro. Marehemu aliwapigia simu wanaofungua milango ya bwawa huko juu, akawaomba maji baridi kidogo, ya siku mbili tu. Walimjibu kwa adabu kwamba ombi lake litajadiliwa. Tarehe 8 Agosti alipanda mto peke yake.

Alimkuta kwenye kona ya mwisho chini ya Kidimbwi cha Kikapu. Ukisimama pale unasikia maji ya kidimbwi, yale yanayotoka chini ya mwamba, baridi mwaka mzima. Alikuwa jike, tumbo limejaa mayai, amelala ubavu kwenye maji mafupi, mdomo unafunguka na kufunga. Maji yale, kama alivyosimulia baadaye, yalikuwa ya uvuguvugu, maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Marehemu alipiga magoti. Alimshika tumboni na kwenye shina la mkia, kichwa kikielekea mkondo, akawa anamsogeza mbele na nyuma, mbele na nyuma, maji yapite kwenye mashavu yake apate pumzi. Alimwambia, kona moja tu, mama. Kona moja. Kumbeba nchi kavu hadi juu hakuthubutu, maana alijua angekufa mikononi. Kumwacha hakuweza. Akaendelea kumsogeza. Kuna wakati mkia ulimpiga kiganjani kwa nguvu, akadhani ameamka. Ilikuwa ndiyo kuaga.

Garini alikuwa na kisu na mifuko. Kazi yake ina sheria, na sheria hiyo aliwafundisha vijana wengi yeye mwenyewe: mzoga wa samoni hukatwa mkia usije ukahesabiwa mara mbili, na hukatwa kichwa kikapelekwa maabara, kwa sababu ndani ya sikio la samaki kuna kijiwe kinachoonyesha alizaliwa maji gani. Kidude cha tumboni husema amepita tu; bila kichwa, maabara haisemi kwamba amerudi. Kule chini ya ukuta marehemu alikata vichwa vingi bila kupepesa jicho. Siku ile alikitoa kisu, akakirudisha. Samaki wa kwanza haguswi na kisu kabla wazee hawajamwona. Lakini kuwaita wazee nako hakuweza. Angewaambia nini? Waliogusa sahani tupu tangu utoto wao, waje wamwone waliyemngoja, amekufa kwa joto, amebakiza kona moja?

Basi hakufanya la kazi wala la kabila. Alichukua blanketi la Tuffy kwenye kiti, akamviringisha samaki, akarudi nyumbani, akapita mlango wa nyuma. Hayo ndiyo Bibi Verna aliyoyaona dirishani, na hakuyaona vibaya. Ila hakuona ndani.

Wendell alipouliza, marehemu alimjibu kwamba mto umenyamaza.

Karamu ya mwisho wa Agosti ilifika. Watu walikunywa maji. Sahani ikapita mkono kwa mkono, na ilipofika kwa marehemu, jirani yake akasema kwa sauti ya kusikika meza tatu, "Ishike vizuri, Mlamba-sahani, isije ikakuteleza kwa mafuta."

Kuna waliocheka, na kuna walioangalia chini. Marehemu aliigusa kwa viganja viwili, akaipitisha. Roslyn, binti wa mdogo wake, alikuwa amekaa kando yake akimnyonyesha mtoto, na alichokiona yeye ni kwamba mamkubwa hakuitazama sahani. Alikuwa anamtazama mtoto anavyomeza.

Oktoba marehemu alianza kukonda. Watu walisema ni dhamiri inamla. Ilikuwa saratani ya kongosho, na ilipogunduliwa ilikuwa imeshatangulia mbele ya madaktari. Hospitali ya Spokane walimfanyia waliloweza, kisha mwezi wa Januari wakamrudisha nyumbani kwa upole, na upole huo ulisema yote. Roslyn na mtoto wake Junie walihamia kwake. Marlon alikuja kila mwisho wa wiki akikata kuni nyingi kuliko jiko linavyoweza kula, kwa sababu hakujua la kufanya na mikono yake.

Siku moja ya Februari Roslyn alikuwa akipanga vifuko vya maziwa aliyojikamulia kwa ajili ya Junie kwenye friza kubwa la ukumbi wa nyuma. Akasogeza mifuko ya matunda, akasogeza nyama ya kulungu, akaona sufu nyekundu yenye milia myeusi. Akainua pembe ya blanketi. Akaona mkia, mzima, haujakatwa.

Alirudi chumbani, akakaa kitandani miguuni.

"Mamkubwa, kwenye friza kuna mtu."

"Najua. Usimwamshe."

Wakacheka mpaka marehemu akashika tumbo kwa maumivu, na baada ya kicheko hicho akasimulia yote, kuanzia simu ya Wendell hadi mlango wa nyuma. Roslyn akamwambia amruhusu basi akamwite Bibi Verna, hata sasa hivi, aje aone kwa macho yake.

"Hapana. Nikimwambia atalia, na Verna akilia hali wiki nzima, ana sukari yule. Bora anichukie. Chuki haimzuii mtu kula."

"Lakini wanakusema vibaya."

"Mwanangu, mimi siwezi kumfufua. Wakijua, na wao hawataweza kumfufua. Sasa faida yake nini, tuwe wengi tusioweza?"

Roslyn alikunja nguo za mtoto zilizokwisha kukunjwa.

Kwa heshima ya Bibi Verna lazima lisemwe pia kwamba majira yote yale ya baridi alikuwa akiacha mkate wa kukaanga barazani, moto, umefungwa taulo, bila kubisha hodi. Marehemu aliujua mkono. Alipokuwa hawezi tena kula, aliomba aletewe taulo anuse.

Marehemu aliaga dunia asubuhi ya Jumamosi, tarehe 9 Machi 2024, kitandani kwake, barafu ikianza kuachia mto. Siku mbili za mwisho hakuweza kumeza. Roslyn alikuwa akichovya sifongo ndogo kwenye maji baridi na kumpitishia midomoni, huku na huku, huku na huku, na mdomo ukifunguka na kufunga. Zaidi ya hapo hakukuwa na la kufanya.

Juzi, kina mama walipokuja kumvalisha, waliuliza blanketi la Tuffy liko wapi, na hakuna kati yao aliyejua. Ndiyo maana leo amefunikwa blanketi la mdogo wake, na watu wamenong'ona hata juu ya hilo. Juzi hiyohiyo Roslyn aliwapeleka ukumbi wa nyuma, akafungua friza. Bibi Verna alikuwa miongoni mwao. Akanyoosha mikono, akagusa ule mkia kwa viganja viwili kama sahani inavyoguswa, akakaa chini sakafuni palepale kati ya mifuko ya matunda.

"Ewe Mlamba-sahani," akasema. "Ukuta wako na wangu hatua kumi. Ulishindwaje kunigongea?"

Marehemu ameacha mwana mmoja, Marlon Isadore, na mkwewe Tessa. Wajukuu wawili, Clifford na Agatha. Mdogo wake Lucille Abel. Binti wa mdogo wake, Roslyn, na mtoto Junie. Wenzake wa kazi, akiwamo bwana Wendell Orr, ambaye asubuhi hii ndiyo mara yake ya kwanza kusikia mto ulinyamaza kwa nini. Na jirani mmoja. Wametangulia mbele yake wazazi wake, mumewe Tuffy, na Bibi Susette aliyemlea. Mungu ampe mahali penye maji baridi, na amwache apumzike.

Samaki bado yuko ndani ya blanketi. Bwana Wendell atakihitaji kichwa, na haki anayo, maana bila kichwa itaandikwa kwamba hakurudi hata mmoja. Wazee watakuwa na lao. Lakini Alhamisi, siku mbili kabla ya kufa, akiwa bado ana sauti, marehemu alimwita Roslyn asogee, asogee zaidi na mtoto wake mikononi, akasema:

"Nakuomba wewe kwa sababu umezoea kubeba kisichoweza kujibeba. Usiwaache wamkate. Wasipomhesabu, basi, na wasimhesabu. Barafu ikiisha umpeleke juu, na Verna akikubali kwenda, umshike mkono, magoti yake mabaya. Mweke kidimbwini, kichwa kielekee mto unakotoka. Ilibaki kona moja tu, mwanangu. Mimi nimeshindwa kumpitisha. Mpitishe wewe."